Barua ya Kuthibitisha Kwamba Tupo

Kila asubuhi saa moja na nusu Mzee Njenga hufungua gazeti kuanzia nyuma, kwenye kurasa za matangazo ya vifo. Hukohoa mara moja, huvuta miwani mpaka ncha ya pua, kisha hutusomea marehemu mmoja mmoja kana kwamba anaita kesi kortini. Alikuwa tarishi wa mahakama kwa miaka ishirini na sita, ndiyo maana anaitwa Wakili. Mawakili wa kweli wa Eldoret hawajawahi kulalamika, labda kwa sababu hawanywi chai mtaani kwetu Huruma.

"Sitini na tatu," alisoma asubuhi hiyo. "Baada ya kuugua kwa muda mfupi. Huyu ni mdogo wangu, amenirukia foleni. Anayefuata. Themanini na tisa. Huyu naye alikuwa anatuchelewesha."

Seline, mwenye kibanda, alikuwa akimimina chai. Mumewe Joseph alikuwa amechuchumaa kando ya benchi na tyubu ya baiskeli, akiziba pancha. Mimi nilikuwa mwisho wa benchi, ninapokaa kila siku kabla ya kufungua saiba, duka la intaneti ninakofanya kazi, mlango wa pili. Napenda mwisho wa benchi kwa sababu watu husahau kukuuliza maswali.

Ghafla Wakili akanyamaza. Kikombe kikasimama njiani kwenda mdomoni. Tangu nimjue, mzee huyu hajawahi kunyamaza katikati ya vifo.

"Nani amekufa?" akauliza Kabura kutoka kwenye meza yake ya mitumba. Yeye tunamwita Redio, ila hii haina mahali pa kuizima.

"Sisi," akasema Wakili.

Akanisukumia gazeti. "Wewe binti wa koleji, soma. Hawa watu wamepunguza maandishi ghafla."

Nikaanza kusoma kwa sauti yangu.

"Ongeza sauti, hatuko maktaba," akasema Ouma. Ouma ni Profesa. Alipanguza vumbi kwenye rafu za maktaba ya chuo kule Chepkoilel mpaka akastaafu, na anajua maelfu ya vitabu kwa migongo yao.

Nikaongeza. Gazeti lilisema kwamba Amos Odera, gwiji wa riwaya za uhalisia mazingaombwe, angerejea Eldoret Jumamosi hiyo baada ya miaka thelathini na mitatu ng'ambo, ili atunukiwe shahada ya heshima. Mwandishi wa habari alikuwa amemuuliza kuhusu mtaa alikozaliwa. Naye gwiji akajibu: "Huruma ya vitabu vyangu haimo kwenye ramani yoyote. Wale watu niliwabuni wote. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuishi."



"Rudia hapo mwisho," akasema Redio.

"Hakuna hata mmoja aliyewahi kuishi."

"Haiya! Na hii miguu inaniuma kila asubuhi ni ya nani?"

Ili uielewe hasira ya benchi letu, ni lazima ujue kwamba riwaya ya kwanza ya Amos Odera, *Mtaa Usio na Dari*, imetafsiriwa kwa lugha kumi na tisa na kusomwa na karibu kila mtu duniani, isipokuwa wazee wa benchi letu. Nakala yao ni moja. Kurasa za mia na kumi hadi mia na thelathini zilitumika kufungia mandazi wakati fulani wa uchaguzi. Lakini kila mmoja anajua ukurasa wake, na ameishi humo kwa raha miaka mingi.

Wakili yumo ukurasa wa thelathini: tarishi aliyebeba samansi moja ya kumwita mtu kortini kwa miaka saba bila kumpata mshtakiwa, mpaka ile karatasi ikataga mayai mfukoni mwake.

"Nilibeba hiyo samansi ama sikubeba?" akauliza sasa, akisimama.

"Ulibeba, Mzee," akasema Ouma.

"Ilitaga ama haikutaga?"

"Hapo sasa, Mzee..."

"Ilitaga! Mimi shida yangu na huyo kijana imekuwa moja tu. Aliandika mayai saba. Yalikuwa mawili! Na koti ilikuwa ya kahawia, yeye akaandika ya kijivu. Mwandishi gani huyo hajui rangi ya koti?"

Hivyo ndivyo kitabu hiki hujadiliwa Huruma. Miujiza haipingwi na mtu. Vita huwa juu ya rangi ya koti.

"Wewe una bahati, Mzee, wewe ni mayai tu," akasema Redio. "Mimi hii ni kazi! Kwa kitabu kila nguo ninauza inaota ndoto za mwenyewe wa kwanza. Watu wanatoka mpaka Kapsabet kuitafuta. Juzi nimeuzia mama mmoja sweta, nikamwambia, mama, hii ilikuwa ya baharia, usiku itakusimulia mambo ya bahari. Akachukua mbili! Sasa nitamwambia nini? Kwamba ni sweta?"

"Tatizo lenu ni kwamba hamuelewi fasihi," akasema Profesa. "Gazeti limesema wazi. Uhalisia mazingaombwe."

"Mazingaombwe si ni ya wale watu wa mnada wanameza viwembe?"

"Hapana, Kabura. Ile ni kazi. Hii ni sanaa."

"Tofauti iko wapi?"

"Wa viwembe anakula mbele yako. Wa sanaa anakula akiwa ng'ambo."

Joseph alicheka mpaka tyubu ikamponyoka.

"Na wewe Profesa hiyo kitabu umesoma yote?" Wakili akamuuliza, kwa macho ya kortini.

"Mzee, hiyo kitabu nimeipanguza vumbi miaka kumi na nne. Hakuna mtu Kenya hii ameigusa kunishinda."

"Nimeuliza kama umeisoma."

"Kuna kusoma na kuna kuishi na kitu. Wewe mke wako umemsoma?"

Chai ikaongezwa. Sifa za mwandishi zikaanza kumiminwa nayo, kila moja ikiwa na mwiba wake.

"Mimi huyo Amos nilimjua akiwa karani wa bohari ya mahindi," akasema Wakili. "Kazi yake ilikuwa kuandika magunia yakiingia. Siku moja mkubwa akafungua daftari, akapata imeandikwa: gunia la arobaini na mbili lililia njia yote kutoka Moiben, likiuliza nani amebaki na watoto."

"Wakamfuta kazi."

"Siku hiyo hiyo. Halafu hiyo hiyo sentensi ikaenda ng'ambo ikapewa tuzo!"

"Ndiyo ujue kipaji ni kitu ya kubeba mbali na mkubwa wako," akasema Redio.

"Huyo mtu ni hatari," akaendelea Profesa. "Hapa kwetu paa ikivuja, imevuja. Unaweka sufuria. Yeye akiandika, ati ni mbingu inabisha hodi."

"Na maji ikikosa kwa mfereji wiki mbili?" akauliza Redio.

"Mto umenuna, umerudi kwa wazazi wake."

"Lakini hapo alisema ukweli," akasema Wakili kwa haki. "Ule mto una kiburi."

"Riwaya sita! Sita, zote za Huruma, na yeye Huruma hakanyagi."

"Atakanyaga aje, na haimo kwa ramani?"

"Hata mama yake tukimzika mwaka juzi hakufika," akasema Profesa. " Alituma barua."

"Ilikuwa nzuri, hiyo barua," akasema Redio. "Kasisi alilia."

"Ilikuwa nzuri sana. Ilisema mama amegeuka ukungu, amepaa juu ya mahindi. Sisi wenye kubeba jeneza tukaangaliana. Kwa ukungu, alikuwa mzito."

Wakili akagonga benchi kwa gazeti lililokunjwa. "Tusipoteze muda. Mtu akisema haupo, hubishani naye kwa magazeti. Unaenda kwa chifu. Kwa nchi hii, chifu ndiye anajua nani yuko na nani hayuko. Bila barua yake huwezi pata kitambulisho, na ukifa bila barua yake utakaa hapo juu ya mchanga ukingoja. Tutaandika barua, chifu agonge muhuri, na Jumamosi tumpelekee Amos huko chuoni Chepkoilel, mbele ya wageni wake. Akatae muhuri tumuone!"

Wazo hilo lilipokelewa kwa makofi. Katika watu wote wa dunia waliowahi kugombana na mwandishi wa riwaya, nadhani hawa walikuwa wa kwanza kumtafutia cheti.

"Binti, kalamu. Wewe ndiye utapiga taipu."

Nilifungua daftari langu. Sijui kukataa, na zaidi ya hayo nilitaka kusikia.

"Andika: Kuhusu, uthibitisho kwamba tupo. Nenda mstari wa chini. Sisi tuliotia sahihi, tukiwa na akili timamu..."

"Toa hiyo ya akili," akasema Ouma. "Tusianze na ubishi."

"...tukiwa wakaaji wa Huruma, tunathibitisha kwamba tuliishi na bado tunaishi. Moja. Njenga, tarishi. Mayai mawili. Koti ya kahawia. Mbili. Kabura, nguo zinazoota..."

"Na ukubwa zote," akasema Redio. "Andika, ukubwa zote zinapatikana."

"Tatu. Ouma..."

"Mimi kwa kitabu nanusa riwaya na kujua vile inaisha," akasema Profesa. "Andika hivyo. Ndiyo maana hata sihitaji kuzisoma."

"Nne," akasema Wakili, na sauti yake ikapata unyenyekevu. "Nne ndiye shahidi wetu mkubwa. Seline."

Seline aligeukia jiko. "Maziwa inataka kuchemka," akasema.

Ukurasa wa Seline ni wa themanini na tatu, na ndio unaojulikana kuliko wote. Ni mwanamke anayesimama kituo cha basi kwa miaka kumi na moja akimngoja kijana aliyekwenda ng'ambo kusoma, mpaka mbayuwayu wakajenga kiota katika nywele zake, na chai iliyo mkononi mwake haikupoa hata siku moja. Wanafunzi hufika hapa na simu zao. Wanaagiza chai, wanaigusa kwa ncha ya ulimi, kisha wanakitazama kitambaa cha kichwani mwa Seline na kunong'onezana. Fundi mmoja wa mabango alimwandikia kibandani, bila kuombwa: CHAI ISIYOPOA.

Joseph hayumo kitabuni. Kwa hiyo mtaa ulijieleza wenyewe: mwanamke amengoja, amechoka, akachukua aliyekuwa karibu. Ndiyo maana fundi baiskeli Joseph Wakoli, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akimtukana mteja, huitwa Spea, kama gurudumu la akiba. Huitika. Hata hucheka kabla ya wengine, kama mtu anayefungua mlango kabla haujavunjwa.

Na hakuna aliyewahi kufanya hesabu. Bridgit wao, kifungua mimba, ana miaka thelathini na miwili. Amos aliondoka miaka thelathini na mitatu iliyopita. Ile kumi na moja ya kungoja ingeingilia wapi? Niliwaza hayo nikiwa nimeishika kalamu. Ningesema, lakini wazee walikuwa wanaongea.

"Andika," Wakili akaniamuru. "Mimi, Seline Adoyo, nathibitisha kwamba nilimngoja Amos Odera kituoni kwa miaka kumi na moja..."

"Kwa uaminifu," akaongeza Redio.

"...kwa uaminifu. Spea, haikuumi?"

"Iniume nini, Mzee?" Joseph akacheka. "Si mimi ndiye nilipata chai?"

Benchi zima likacheka. Joseph alikuwa amerudisha tyubu ndani ya tairi na kuanza kupiga pampu.

"Nimekuwekea gauni ya bluu, Seline," akasema Redio. "Jumamosi lazima ung'are. Wapiga picha watakuwa huko. Amos akikuona atafuta maneno yake yote."

"Nani anataka mandazi?" akauliza Seline.

"Spea atakupeleka na baiskeli."

"Atampeleka," akasema Profesa. "Kurudi ndiyo sijui kama atakuwa na mzigo!"

Wakacheka tena. Joseph pia alicheka, lakini mara hii kicheko chake kilifika wakati wengine wanamaliza. Nilitazama tairi. Lilikuwa gumu kama jiwe, naye alikuwa bado anapiga pampu.

"Seline, wacha jiko," akasema Wakili. "Bila sahihi yako hii barua ni karatasi. Sisi wengine tuko na mistari mitatu mitatu. Wewe ndiye watu wanakuja kuona. Ukisema uko, sote tuko."

"Sukari imeisha," akasema Seline.

"Sahihi tu! Ama gumba."

Hapo Seline akapunguza moto. Akajifuta mikono kwenye leso, kidole kimoja kimoja, akaja akakaa karibu nami. Harufu ya moshi na tangawizi ikaja naye.

"Nisomee vile umeandika, mwanangu."

Nikasoma. Sauti yangu haikuwa kubwa, lakini safari hii hakuna aliyenikemea.

"Joseph hayuko," akasema.

"Joseph hayuko kwa kitabu," akajibu Ouma.

"Nimeuliza barua."

"Barua ni ya kuthibitisha kitabu, Seline. Hatuwezi kuingiza mtu tu hivi hivi. Chifu atatuona waongo."

Seline akaniangalia. "Wewe umesoma hicho kitabu chote?"

"Ndiyo, mama. Mara mbili."

"Siku Amos anaenda, ni nani amebeba sanduku yake?"

"Hakuna mtu, mama. Sanduku linaota miguu minne. Linamfuata lenyewe mpaka kituoni, kama mbuzi."

"Hapo ndipo hunimaliza!" akasema Redio. "Huyo kijana alijua kuandika!"

"Lenyewe," akasema Seline.

"Ndiyo, mama."

"Ni Joseph alibeba. Kwa baiskeli. Ilikuwa imejaa vitabu mpaka kamba ikakatika, akaisukuma na mvua kutoka huku mpaka stage ya basi. Amos alikuwa anatembea mbele, ameshika mwavuli."

Profesa alikitazama kikombe chake kama mtu anayetafuta ukurasa.

"Hapo basi tutasahihisha," akasema Wakili baada ya kufikiri kisheria. "Binti, toa miguu minne. Weka magurudumu mawili."

"Mzee," akasema Seline, "hii barua iko na uongo."

"Ni mbayuwayu? Walikuwa wangapi? Wewe sema tu, tubadilishe. Hata mimi mayai yangu..."

"Hakukuwa na mbayuwayu."

"Hata mmoja?"

"Hakukuwa na kungoja."

Redio alikuwa amesimama na sweta mkononi. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. "Haiya, Seline. Na hii miaka yote umenyamaza?"

"Ningesema lini, Kabura? Mama yake alikuwa anakunywa chai hapa, hapo hapo Ouma amekaa. Kila asubuhi ananishika mkono, asante kwa kumngojea mtoto wangu. Ungekuwa wewe ungemjibu nini? Nikasema, nitamwambia kesho. Wanafunzi nao wakaanza kuja, chai ikawa inaisha mapema, nikaona wacha tu ikae. Hapo ni makosa yangu, sikatai. Lakini huyo mama tumemzika. Sasa ninamdanganyia nani?"

"Kwa hivyo Amos..." akaanza Wakili.

"Kama kuna mtu alingoja, ni yeye. Barua yake ya kuenda kusoma ilikaa chini ya godoro wiki tatu. Kila jioni anakuja hapa, Seline, niende ama nibaki? Seline, ukisema nibaki, nabaki. Nikamwambia enda."

"Omera!" Profesa akashangaa kwa Kijaluo, akapiga paja. "Kumbe ungesema abaki, saa hii tungekuwa naye hapa kwa benchi, na dunia haina riwaya hata moja! Seline, hiyo shahada ya Jumamosi ni yako."

Hakuna aliyecheka. Profesa mwenyewe alijaribu, akaona yuko peke yake, akarudi kwenye chai yake.

Joseph alikuwa ameweka pampu chini. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi na hakujua pa kuiweka. "Seline, wachana nayo," akasema taratibu. "Ni mchezo wa wazee tu. Mimi hiyo jina nilizoea."

"Mimi nimechoka kuisikia."

"Haina neno. Maneno ya kitabu hayo."

"Unafikiri sikuoni?" Alikuwa amesimama, na sauti yake ilikuwa imepanda mpaka wateja wa meza ya mitumba wakageuka. "Kila siku unacheka, na mimi namimina chai kama kiziwi. Sikukukubali kwa sababu Amos alienda, Joseph. Amos alienda kwa sababu nilikuwa nimekukubali."